Sayansi ya Kompyuta au uhandisi? Baba na mimi hatupatani

Barua

Mwalimu, pokea salamu kutoka Githurai 45.

Nilifanya KCSE nikapata B+. Hesabu nina A-, Fizikia B+, Kemia B. Tunangoja KUCCPS wafungue tovuti tuchague kozi, na nyumbani kwetu hakuna amani. Hatugombani kwa maneno. Tunakula kimya, kila mtu anainuka na sahani yake.

Baba ni fundi wa stima. Amekuwa akivuta nyaya kwenye nyumba za watu tangu kabla sijazaliwa. Anasema katika kila jengo alilofanyia kazi kuna mtu wa kofia nyeupe anayefika mara moja kwa wiki, anatazama, anatia sahihi, anaondoka. Huyo ndiye injinia. Baba ameapa kwamba mimi ndiye nitakayekuwa wa kutia sahihi. Amekwisha kuulizia, akaambiwa kwamba JKUAT, kule Juja, kuna shahada ya Uhandisi wa Elektroniki na Kompyuta. Ananiambia, "Si kompyuta ndiyo unayoililia? Hiyo hapo, na uinjinia juu yake."

Mimi nilikuwa nimeshaamua Sayansi ya Kompyuta, Chuo Kikuu cha Nairobi. Sasa sina uhakika tena, kwa sababu kusema kweli nazipenda kazi zote mbili.

Tangu nimalize shule nashinda kwenye kibanda cha mjomba, Luthuli Avenue, tukitengeneza simu. Nimejua maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme, na kulehemu. Juzi ililetwa simu iliyokataa kuwaka kabisa, mafundi wengine wameshaishindwa. Nikafuata njia ya umeme mpaka nikaipata kapasita moja imekufa, nikaibadilisha, simu ikawaka. Mjomba alinisifu mbele ya wateja.

Halafu kuna hii programu ya chama cha Mama. Walikuwa wakiandika michango kwenye daftari na kila mwezi ni mabishano, nani amelipa, nani bado. Nikajifunza Python, lugha ya kuandikia programu, nikawaandikia programu ya kuhesabu. Ya kwanza ilijumlisha vizuri lakini haikuelewa mtu akilipa nusu. Nikaiandika upya. Ikaelewa nusu, lakini nikagundua inamtoza mtu faini mara mbili akilipa usiku wa mwisho wa mwezi, kwa sababu nilikuwa nimehesabu siku mahali pawili tofauti na hapo pawili hapakubaliani saa sita usiku. Mama alisema niiache hivyo, watu wenyewe ni wachache, wataelewana. Sikuweza kulala. Niliivunja yote nikaanza upya, nikaweka hesabu ya siku mahali pamoja tu. Sasa nawaza itakavyosoma ujumbe wa M-Pesa yenyewe bila mtu kuchapa, na itafanyaje watu wawili wakiwa na jina moja.

Binamu yangu aliyemaliza chuo anasema nisisumbuke, akili unde itaandika programu zote na watu wa Sayansi ya Kompyuta watakosa kazi, afadhali uhandisi. Rafiki yangu naye anasema uhandisi ni miaka 5 ya mateso ya hesabu kwa kazi ileile.

Naomba unieleze: tofauti ni nini hasa? Binamu anasema kweli? Nikisoma Sayansi ya Kompyuta nitaweza kuitwa injinia? Na Baba nimwambie nini?

Binti wa Fundi, Githurai

Jibu

Mwanangu, nianze na swali la uinjinia, kwa sababu hilo limeshaamuliwa na sheria na halihitaji maoni yangu. Hapana. Ukisoma Sayansi ya Kompyuta hutaandikishwa kuwa mhandisi. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 iliunda Bodi ya Wahandisi wa Kenya, EBK, na ni kosa mtu kujiita mhandisi au kufanya kazi hiyo bila kuandikishwa nayo. Ili uandikishwe unahitaji shahada ya uhandisi inayotambuliwa na bodi. Unaanza kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya waliotangulia kwa muda usiopungua miaka 3, kisha ndipo unapoomba kuwa mhandisi kamili mwenye muhuri. Shahada ya kompyuta ya miaka 4 haiingii mlango huo, hata uwe hodari namna gani.

Kwa hiyo Baba ana hoja, na nisingependa uipuuze. Lakini kuna jambo moja ambalo pengine hakulipata alipoulizia. Yule mtu wa kofia nyeupe anayemwona kwenye majengo, kwa kawaida ni mhandisi wa ujenzi au wa umeme. Aliyesomea elektroniki na kompyuta mara nyingi hashindi kwenye majengo akitia sahihi michoro ya nyaya za ghorofa. Utamkuta kwenye mitambo ya mawasiliano, viwandani kwenye mashine zinazojiendesha, maabara ya vifaa, na wengi wao, nimewaona mwaka baada ya mwaka, wakiandika programu bega kwa bega na wale wa Sayansi ya Kompyuta. Kama ndoto ya Baba ni hiyo sahihi ya kwenye jengo, basi kozi anayoitafuta ni Uhandisi wa Umeme, na hiyo hujaitaja popote katika barua yako.

Upande wa programu hakuna bodi. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha mswada wa kuwaandikisha wataalamu wa tehama kwa leseni, Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia sahihi. Mpaka sasa anayeandika programu haombi kibali kwa mtu. Anaajiriwa kwa kazi anayoweza kuionyesha. Hilo lina uzuri wake na ubaya wake. Uzuri ni kwamba programu ya chama cha Mama ni cheti tayari. Ubaya ni kwamba muhuri wa kukulinda haupo, na utashindana na yeyote mwenye laptopu na bidii.

Sasa tofauti yenyewe. Acha majina ya kozi kwanza, tuangalie mita ya tokeni iliyo ukutani kwenu. Mtu akinunua stima kwa M-Pesa anatumiwa nambari 20. Nyuma ya nambari hizo kuna kompyuta zilizopokea pesa, zikaitafuta mita yake katika hifadhidata, zikaunda nambari inayofunguka kwenye mita hiyo peke yake na si ya jirani, na zikafanya hivyo kwa maelfu ya watu wanaonunua jioni moja bila kuchanganya hata mmoja. Kuzibuni kazi hizo, kuthibitisha kwamba ziko sawa, kuhakikisha haziwi nzito watu wakiongezeka, huo ndio moyo wa Sayansi ya Kompyuta. Upande wa pili ni lile kasha. Ndani yake kuna chipu ndogo yenye kumbukumbu finyu inayopima mkondo wa umeme, inayozifungua zile nambari, inayokata na kurudisha stima, na ni lazima ifanye hivyo kwa miaka bila kuguswa, katika joto na umeme unaopanda na kushuka. Kulibuni kasha hilo, kuanzia saketi mpaka programu inayoishi ndani ya chipu, huo ni uhandisi wa kompyuta.

Ninaupenda mfano huu kwa sababu ya jambo lililotokea mwaka 2024, ambalo bila shaka Baba analikumbuka, maana wateja wake lazima walimpigia simu. Kila tokeni hubeba ndani yake wakati ilipotolewa, ili iliyokwisha kutumika isikubaliwe mara ya pili. Wakati huo ulikuwa ukihesabiwa kwa dakika tangu Januari 1993, na nafasi uliyotengewa ni biti 24 tu, yaani tarakimu 24 za sifuri au moja. Biti 24 zikifika 16,777,215 haziwezi kwenda mbele, na dakika hizo zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana Kenya Power iliwataka watu wabonyeze nambari za ziada kabla ya tokeni yao, ili mita ziingie katika hesabu mpya. Mita ambayo haikubadilishwa ingezikataa tokeni mpya. Tazama jinsi pande mbili zinavyoshikana hapo: uamuzi wa biti ngapi, uliofanywa zamani na watu waliobanwa na nafasi, umekuja kuwafikia watu Githurai zaidi ya miaka 30 baadaye. Ukisoma aya hii tena, angalia akili yako inakimbilia wapi. Inawaza ile hesabu ya wakati na namna ambavyo ingepangwa vizuri zaidi? Au inawaza kile kasha, chipu gani, inapimaje mkondo, inapata wapi umeme wa kukumbuka saa stima ikipotea?

Darasani tofauti ni hiyohiyo. Sayansi ya Kompyuta itakupa miundo ya data, algoriti (hatua za kutatua tatizo), hifadhidata, mifumo endeshi, mitandao, namna lugha za programu zinavyotafsiriwa kuwa maagizo ya mashine, na hesabu za mantiki, seti na uwezekano. Uhandisi wa Elektroniki na Kompyuta utakupa baadhi ya hayo, lakini juu ya msingi mwingine: saketi, elektroniki, mawimbi na ishara, mawasiliano, mifumo ya udhibiti, vichakataji, uchoraji wa kihandisi, karakana, na hesabu za kalkulasi muhula kwa muhula. Rafiki yako anaiita mateso. Si mateso kwa anayetaka kujua umeme unafanya nini. Kwa asiyetaka, ni miaka mirefu kweli.

Na usiyasome majina peke yake. ACM na IEEE, mashirika makubwa ya taaluma hii duniani, yaliyapanga masomo ya kompyuta katika matawi matano mwaka 2005: uhandisi wa kompyuta, sayansi ya kompyuta, mifumo ya habari, teknolojia ya habari na uhandisi wa programu. Mpangilio wao wa mwaka 2020 ukatambua pia usalama wa mtandao na sayansi ya data. Vyuo vyetu navyo vina majina yake, na kozi mbili zenye majina yanayofanana zinaweza kuwa mbali sana zikifunguliwa. Neno "teknolojia" au "kompyuta" likikaa karibu na "uhandisi" haliifanyi kozi kuwa ya uhandisi. Ukielekea upande wa Baba, angalia kozi hiyo, katika chuo hicho, iko kwenye orodha ya EBK ya zilizoidhinishwa. Fanya hivyo kabla ya kubonyeza chochote, kwa sababu wako watu waliojua miaka 5 baadaye.

Kuhusu akili unde, binamu yako ameona kitu cha kweli akakifikisha mbali mno. Zana hizi zinaandika programu fupi, zinazojulikana, haraka kuliko mtu. Zile kazi ndogondogo ambazo mhitimu alikuwa akipewa ili ajifunze, ndizo zana hizi zinazozifanya vizuri, na kwa hiyo mlango wa kuingilia umekuwa mgumu. Nisikufiche hilo. Lakini fikiria lile kosa lako la faini. Ungeiambia zana "andika programu ya michango" ingekuandikia, tena bila kutoka jasho. Nani angejua kwamba Mama Fulani aliyelipa saa sita kasoro dakika mbili ametozwa mara mbili? Ni yule aliyeelewa kwamba siku inahesabiwa mahali pawili. Kuelewa huko ndiko unakoenda kukusomea, na aliyekaa miaka 4 akijifunza mambo ya ndani ataitumia zana, wakati aliyejifunza kuchapa tu atashindwa kuikosoa. Tena uhandisi haumkingi mtu na hili. Nimekwambia wengi wao wanaishia kwenye programu hizohizo.

Sasa nikuambie nilichokiona katika barua yako, na hapa natoa maoni yangu waziwazi.

Umeniandikia habari ya simu. Ilikufa, ukapata kapasita, ukaibadilisha, ikawaka, ukasifiwa. Hadithi ikaisha. Ni kazi safi, na mkono wako una kipaji. Lakini hukuniambia kapasita iliuawa na nini. Mtu ambaye saketi zimemshika asingeweza kunyamaza kuhusu hilo: chaja mbovu, maji, joto, au kuna kitu kingine nyuma yake kinachovuta mkondo kupita kiasi na kitaiua hata hii mpya? Angelala nalo. Wewe ulilala vizuri siku hiyo.

Kisha ukaniandikia programu ya chama, na kalamu haikutaka kusimama. Umenieleza makosa yote mawili na chanzo cha kila moja. Uliambiwa inatosha, ikakunyima usingizi. Ulikivunja kitu kinachofanya kazi kwa sababu ukweli mmoja ulikuwa umeandikwa mahali pawili, na hilo lilikuudhi. Hakuna mwalimu aliyekufundisha kwamba ukweli mmoja ukae mahali pamoja, na hiyo ni moja ya nguzo za fani hii. Ulifika hapo mwenyewe, usiku, kwa ajili ya kikundi cha akina mama. Sasa unawaza watu wawili wenye jina moja, swali ambalo kila anayejenga hifadhidata hukutana nalo.

Ushauri wangu ni uweke Sayansi ya Kompyuta kuwa chaguo la kwanza.

Usiache elektroniki. Endelea na kibanda cha mjomba wakati wa likizo. Hapo mjini maduka ya vifaa yanauza vibao vya Arduino na ESP32, yaani kompyuta ndogo za kujifunzia saketi, na mwanafunzi wa Sayansi ya Kompyuta mwenye maltimita na mkono wa kulehemu ni mtu adimu darasani. Zipo kampuni Nairobi zinazohitaji watu wanaovuka mpaka huo. M-KOPA ilijulikana kwa sola za kulipia kidogo kidogo kwa M-Pesa, zenye laini ya simu ndani ya kifaa ili kifunguke malipo yakiingia. Hapo programu na waya havitengani.

Ila nijaribu kabla ya kunikubali. Pata muhtasari wa masomo wa kozi zote mbili, wa JKUAT na wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Ruka mwaka wa kwanza, unafanana mno. Soma mwaka wa pili na wa tatu. Kisha panda matatu uende Juja, ni Thika Road hiyohiyo yenu, na siku nyingine uende Chiromo, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Usiulize wanafunzi kama kozi ni nzuri. Omba kuona madaftari yao ya mwaka wa tatu. Azima sura moja ya saketi na sura moja ya algoriti, ukae na kila moja siku kadhaa. Kama utajikuta umerudi kwa mjomba kuitafuta ile kapasita ya zamani ili ujue ilikufaje, niandikie nitakuambia mimi mwenyewe uende Juja, na Baba apike pilau.

Jambo la pesa nalo msilifiche mezani. Uhandisi ni miaka 5, Sayansi ya Kompyuta miaka 4. Mwaka huo mmoja ni karo, ni chakula, na kama utachukua mkopo wa HELB, ni deni zaidi kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kwa upande mwingine, Juja unaweza kwenda na kurudi nyumbani bila kuingia mjini, na hilo nalo lina thamani. Pigeni hesabu hizo pamoja kwa karatasi.

Kwa Baba, usiende na maneno ya "uhandisi hauna kazi" au "mambo yamebadilika". Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote kazi ya mikono yake imengoja sahihi ya mwingine. Anachokitaka ni mtoto wake asingoje. Mwambie umelielewa hilo. Mweleze habari ya sheria na EBK kama nilivyoieleza, bila kuipunguza, ikiwa ni pamoja na kwamba ukienda njia yako hutakuwa na muhuri huo. Mtu mzima huheshimu anayemwambia ukweli wote. Halafu umwonyeshe programu ya chama ikifanya kazi. Mkalishe, iendeshe, mweleze kosa la saa sita usiku na ulivyolipata. Yeye ni fundi, anajua kutafuta kasoro iliyojificha ndani ya ukuta, na atakutambua. Mwombe aje nawe Chiromo, amuulize mhadhiri maswali yake mwenyewe.

Tovuti ikifunguliwa, angalia alama zako za klasta, zile zinazotokana na masomo ambayo kozi inayahitaji na ambazo upeo wake ni 48, kwa kila kozi kivyake. Klasta ya uhandisi inahesabu Hesabu, Fizikia na Kemia, kwa hiyo ile B ya Kemia itakugusa zaidi huko kuliko kwenye Sayansi ya Kompyuta. Linganisha na alama za mwisho za mwaka uliopita, ambazo huonyeshwa palepale, ukijua kwamba hupanda na kushuka. Weka Sayansi ya Kompyuta kwanza, na ya Juja ifuate kwa heshima ya Baba na kwa faida yako, maana ukipangiwa huko si msiba hata kidogo. Baada ya matokeo hufunguliwa muda wa kuomba uhamisho kati ya vyuo, lakini nafasi ni chache na ni lazima uwe umefikisha alama za kozi unayoihamia, kwa hiyo usichague ovyo sasa ukitegemea kurekebisha wakati huo.